Mtambo Aliotaka Baba

Barabara ya 14, Ngamiani
Tanga
10 Machi 1992

Ndugu yangu Mudathir,

Leo tumefunga ya tano. Mimi sijambo, bado nafundisha darasa la nne pale Usagara kama ulivyoniacha, ila chaki tunagawana vipande.

Nina habari mbaya, niitangulize. Macho ya Baba yamekwisha. La kushoto ulikuwa na habari zake. La kulia nalo lilizimika mwezi wa kumi na mbili. Daktari anasema ni sukari. Baba mwenyewe anasema ni ile taa ya makaa ya kurushia picha aliyoitazama miaka thelathini na moja katika chumba cha mashine, senemani kwa Bwana Rehmatulla. Sibishani naye.

Hiyo senema yenyewe haipo tena. Watu walihamia vibanda vya video, Bwana Rehmatulla akachoka kuonyesha picha kwa viti vitupu, na jengo sasa ni ghala la mitumba. Siku ya kufunga milango alimpa Baba televisheni ya ofisini na deki yake, akamwambia, "Idarusi, ulikuwa opareta wangu tangu sijaoa. Sina kingine cha kukuaga nacho."

Basi Baba anasikiliza. Nikirudi shule namtilia mkanda, anakaa kwenye kiti chake kama vile anaiona picha. Shida ni kwamba sauti yote inatoka tundu moja. Ananiuliza, huyu aliyefungua mlango yuko kulia au kushoto? Namwambia kulia. Baada ya dakika moja ananiuliza tena, mpaka tunachoka wote wawili.

Sasa Zubeiri, yule fundi redio wa barabara ya nane, alimweleza kwamba huko nje kuna mtambo unaoichukua sauti ya mkanda na kuigawa. Mazungumzo yanatoka mbele katikati, muziki pembeni, na mvua au nyayo za watu zinatoka nyuma ya mgongo wako. Wanauita prosesa. Asiyeona akikaa katikati ya spika zake anajua kila mtu yuko wapi. Tangu siku hiyo Baba hana jingine. Mpya hatuuwezi, anataka uliotumika, na anajua kwamba Juzer, mtoto wa Bwana Rehmatulla, anauza vitu hivyo huko huko uliko.

Anasema uchague wewe, si Juzer. Na anasema mtambo kama huo hautumwi kwa mtu, unataka fundi aje nao aufunge. Wewe ni fundi umeme, Mudathir, na huu ni mwaka wa tano hujaonekana.

Ukiyaondoa macho, afya yake ni nzuri.

Dada yako,
Mboni


Deira, Dubai
19 Aprili 1992

Dada Mboni,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yangu kabla hujafika mstari wa pili.

Barua yako ilinifikia baada ya Idi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilitaka kukulaumu kwa kutoniambia mapema kwamba jicho la pili linakwenda, kisha nikajiuliza ungeniambia ningefanya nini.

Mimi kazi naendelea nayo. Sasa hivi tunatia umeme katika hoteli ya ghorofa tisa, na msimamizi wetu hapendi kusikia neno ruhusa. Ndiyo maana sikuja mwaka jana.

Kwa Juzer nimekwenda. Duka lake ni mlango mmoja tu, lakini nyuma yake kuna ghala refu lililojaa vitu walivyoacha Wazungu wakihama na vilivyong'olewa mahotelini. Juzer amenenepa. Aliposikia habari ya macho ya Baba alinikumbusha jinsi Baba alivyokuwa akimsimamisha juu ya kopo la filamu, achungulie watu ukumbini kupitia kile kitundu cha chumba cha mashine.

Prosesa anazo mbili. Moja ni ya Kimarekani, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Sauti yake ni safi mno, ila inataka umeme wa volti mia na kumi, kwa hiyo lazima iende na transfoma, na rimoti yake imepotea. Bila rimoti huwezi kuzipunguza spika za nyuma peke yake. Ya pili ni ya Kijapani, nyepesi, inapokea umeme kama wetu, rimoti ipo. Lakini skrubu za kifuniko zimekwaruzwa. Kuna mtu ameshaifungua, na Juzer hajui ni nani wala alitafuta nini ndani. Yoyote utakayoichukua itataka spika tano: mbili mbele, moja katikati juu ya televisheni, mbili nyuma.

Mwulize Baba anasemaje. Akisema nyeusi, nyeusi. Akisema ya Kijapani, basi hiyo.

Mdogo wako,
Mudathir


Tanga
17 Mei 1992

Mwanangu Mudathir,

Nasema mimi, Mboni anaandika. Nimemkataza kunipambia maneno.

Kwanza usiniulize ipi. Mimi niko Ngamiani, mtambo uko mbele yako wewe. Nitakueleza namna ya kuuliza, utajibiwa na mtambo wenyewe.

Usiusikilize kwa muziki. Muziki unafunika maradhi. Tafuta mkanda wenye watu wawili wanazungumza chumbani, na ukae katikati ya spika, ufumbe macho. Maneno yakitoka mbele yako na kutulia hapo, vema. Yakitangatanga kama mlevi, uache. Kisha tafuta mahali ambapo mkanda wenyewe uko kimya, upandishe sauti mpaka mwisho. Mtambo mzima utausikia unapumua. Mbovu utanguruma. Halafu uuache uwake saa mbili, ndipo uweke kiganja juu ya kifuniko na unuse. Kitu kilichotumika kikiwa baridi kinakudanganya, na muuzaji anajua hivyo, ndiyo maana anakuwashia dakika tano tu. Simsemi Juzer.

Hizo skrubu zisikutishe. Mwaka wa themanini na tatu, makaa ya mashine yalipokosekana nchi nzima, niliifungua mashine ya Bwana Rehmatulla na kuunga vipande viwili vifupi vilivyobaki, picha ikafika mwisho, watu wakaenda kwao bila kujua. Kufunguliwa si kosa. Wewe nawe ufungue. Ukikuta lehemu mpya imekaa ndogo, safi, inang'aa, basi mtu aliutibu. Ukikuta imemwagika kama kamasi, mtu aliuharibu.

Sasa sikia hili. Usimpe mtu auchukue. Spika tano zikifungwa na asiyejua, nyuma inakuwa mbele, na mimi sitaweza kuona kosa liko wapi. Zubeiri anazijua redio, haya hayajui. Uje nao wewe. Chumba nimekwisha kukipima kwa hatua, ni hatua kumi na moja kwa tisa. Waya utazipitisha juu ya mlango ili nisizikanyage.

Nakungoja.

Baba yako,
Idarusi


Deira
28 Juni 1992

Baba, shikamoo. Dada Mboni, shikamoo.

Nimefanya kama ulivyoniagiza, Baba, na Juzer amekuwa mwanafunzi wangu. Ijumaa aliniachia ghala na funguo. Ile ya Kijapani niliifungua nikakuta lehemu ya kamasi, kweli, na ilipowaka nusu saa spika ya nyuma kushoto ikaanza kukohoa. Nyeusi ya Kimarekani ilifaulu kila mtihani, lakini bila rimoti zile spika za nyuma zilikuwa zikikuzomea sikioni, hakuna namna ya kuzituliza.

Nilikuwa nimekata tamaa, ndipo Juzer akapokea vitu vya nyumba ya Mholanzi mmoja aliyerudi kwao. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Kijapani ya miaka mitatu tu, ya kijivu, ina rimoti, ina kitabu chake, skrubu hazijaguswa. Niliiwasha tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ina kitufe cha kujijaribu yenyewe: ukikibonyeza inatoa sauti kama mafuta ya kukaangia, ikianzia spika ya kushoto, katikati, kulia, halafu nyuma, zamu kwa zamu, mpaka uone zote ziko sawa. Nilitia mkanda nikalala sakafuni katikati, nimefumba macho. Ikanyesha mvua nyuma yangu. Baba, sijasikia mvua siku nyingi. Nilinyoosha mkono kutazama kama nimelowa.

Hiyo ndiyo niliyochukua, pamoja na spika zake tano.

Sasa naomba unielewe. Hoteli haijaisha na ruhusa imegoma. Bi Kaneez, shangazi yake Juzer, anarudi Tanga mwezi wa nane, na amekubali kuja na masanduku. Kila waya nimeufunga utepe wa rangi yake, na nimechora ramani ya chumba chako, hatua kumi na moja kwa tisa. Dada Mboni akiifuata ramani hatakosea, wala hahitaji kuwa fundi. Mimi nitakuja mwakani, inshallah.

Mwanao,
Mudathir


Tanga
16 Agosti 1992

Mudathir,

Masanduku yamefika. Nitakueleza yalivyofika, kisha nitakueleza na mengine ambayo nilikatazwa.

Bi Kaneez alikuja Jumatano alasiri kwa gari, na mpwawe mwingine akaingiza sanduku moja moja. Baba alikuwa amevaa kanzu tangu asubuhi. Nilifungua sanduku la mtambo nikamwekea magotini. Aliupapasa wote. Alihesabu vitufe, akageuza nyuma akahesabu matundu ya waya, akapitisha ukucha kwenye kila skrubu. Alinusa. Akasema, "Amechagua vizuri." Uso wake ulikunjuka, sijauona hivyo tangu mwaka juzi. Kisha akageukia mlangoni akauliza kama Mudathir bado anashusha mizigo.

Barua yako ya Juni nilikuwa nimemsomea nusu tu, ile ya mvua. Nusu ya pili sikuweza. Bi Kaneez ndiye aliyemwambia, kwa upole, kwamba umekwama kazini na umeleta salamu.

Baba aliuweka mtambo sakafuni. Akasema, "Mimi nilitaka fundi. Mtambo ungepatikana hata Mombasa." Basi. Aliniambia niurudishe sandukuni nisukume chini ya kitanda. Nilimwonyesha ramani yako, yaani nilimsomea, nikamwambia naweza kufunga. Alisema umeme wenyewe ni wa mgao, tusijisumbue.

Sasa mengine. Baba si mzima, na kidonda cha mguu kilianza kabla sijakuandikia Machi. Mwezi wa tano, wiki ile ile aliyokuandikia, alikatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Kidonda hakifungi, kimepanda juu ya wayo. Nilitaka kukuandikia, akanizuia. Nakunukulia maneno yake: "Akija kwa huruma atakaa siku tatu. Akija kwa kazi atakaa mpaka kazi iishe." Ndiyo maana ya mtambo, Mudathir. Alitafuta kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kumfanyia.

Sijui hoteli gani hiyo ya ghorofa tisa isiyoisha. Sitaki ramani nyingine. Ukiwa na miguu miwili, panda ndege.

Mboni


Deira
13 Septemba 1992

Dada Mboni,

Hakuna hoteli.

Ngoja nieleze taratibu. Nilipokuja mwaka wa themanini na saba, kafili wangu, yaani yule mwenyeji aliyeniombea kibali, alichukua pasi yangu kuihifadhi. Mwaka wa kwanza kweli nilitia umeme. Mwaka wa pili akanipeleka bara, mbali kabisa na mji, nikachunge ngamia wa ndugu yake. Nilikaa huko miezi saba bila kuzungumza na mtu. Siku moja lilipita lori la maji nikapanda. Kafili aliripoti polisi kwamba mfanyakazi wake ametoroka, na pasi ikabaki kwake. Tangu mwaka wa themanini na tisa mimi si mtu hapa. Naosha magari nyuma ya soko, na nalala katika ghala la Juzer, juu ya maboksi. Ndiyo maana niliweza kuuwasha mtambo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Waya sijaushika miaka mitatu, ila ule wa Baba.

Ndege sipandi kwa sababu uwanjani nitaombwa pasi. Njia iliyopo ni moja, nijipeleke mwenyewe polisi. Wananifunga kwanza, muda wanaujua wao, halafu wananirudisha nyumbani na alama za vidole vyangu zimebaki kwao, nisirudi tena maisha. Nimeliogopa hilo, Dada. Sikuogopa kifungo. Niliogopa kuingia Ngamiani mikono mitupu, baada ya barua zote zile za ghorofa tisa, watu wakimwuliza Baba mwanao fundi amerudi na nini.

Habari ya mguu imenivunja. Msomee Baba barua hii yote, usiache hata neno. Akinikasirikia ana haki. Ila akijua, na akasema nije hivyo hivyo nilivyo, nitakwenda kujipeleka siku hiyo hiyo.

Mudathir


Tanga
4 Oktoba 1992

Ndugu yangu Mudathir,

Nisamehe kwa maneno ya barua iliyopita. Sikujua.

Barua yako nimemsomea Baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie. Hakukasirika hata kidogo. Tangu juzi anakula, leo ameagiza kinyozi, na amenitaka niutoe mtambo chini ya kitanda niupanguse vumbi. Anasema uje tu.

Fanya ulilosema utafanya. Fanya mapema.

Mboni


Deira, Dubai
8 Novemba 1992

Dada Mboni,

Ni mimi Juzer Rehmatulla. Natumai unanikumbuka, ingawa ni miaka mingi. Naandika kwa sababu Mudathir ameniomba niandike, na yeye mwenyewe hawezi kwa sasa.

Barua yako ya mwezi uliopita ilichelewa njiani, ikamfikia tarehe mosi. Aliisoma akaja dukani akicheka, na mimi kwa miaka mitatu aliyolala ghalani kwangu sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Aliniambia, "Baba anajua. Sina cha kuficha tena." Alikwenda kunyoa, akanawa, akavaa shati langu. Nilimpeleka kwa gari mpaka mlango wa polisi. Nilijaribu kumshauri asubiri tumpate kafili wake kwanza, tumwombe pasi kwa wema, pengine kifungo kingepungua. Hakutaka kusubiri. Alishuka akaingia bila kugeuka.

Nimekwenda mara mbili kuulizia, sikuruhusiwa kumwona. Wengine huwatoa baada ya wiki tatu, wengine miezi sita. Nisingependa kukuahidi kitu nisichokijua. Nikipata habari nitakuletea.

Nisalimie Mzee. Mwambie bado nayakumbuka yale makopo ya filamu.

Juzer


Dar es Salaam
17 Januari 1993

Dada Mboni,

Niko Dar tangu tarehe 29 Desemba. Walituteremsha watu kumi na wawili, tukaandikishwa majina, tukaachiwa. Nilikuwa na lile shati la Juzer na viatu visivyo na kamba, kwa sababu kamba walizichukua.

Siku ya pili, Kariakoo, nikitafuta mtu wa kunisaidia nauli ya kuja Tanga, nilikutana na Fanueli aliyekuwa akichana tiketi senemani. Alinikumbatia akaniambia pole na msiba. Nilidhani anasema msiba wangu mimi. Tulikwenda hatua kadhaa pamoja, akawa anasifu mazishi, jinsi watu walivyojaa mpaka barabara ya kumi na tano, na jinsi Bwana Rehmatulla alivyokuja akiwa mgonjwa, akaletewa kiti. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Baba ameshazikwa na mimi natembea Kariakoo.

Nauli alinipa. Bado ninayo mfukoni. Kila asubuhi nakwenda kituo cha mabasi, natazama yanavyopakia, narudi. Nimepata mahali Manzese kwenye ukumbi mmoja wa video, nafagia na kupanga mabenchi. Mwenye ukumbi haniulizi kitu.

Huwa nasema nitakuja kesho. Ninachokiogopa sasa si watu. Naogopa kukaa kwenye kile chumba.

Jambo moja nataka kulijua, Dada, nalo ndilo limenishikilia tangu siku nilipoingia polisi. Kule ndani tulikuwa watu arobaini katika chumba kimoja, na mimi nililala vizuri kuliko wote, kwa sababu Baba alikuwa anajua mimi ni nani na amesema nije. Niambie alisemaje hasa. Ulipofika pale pa ngamia alisema nini? Aliposikia kwamba mimi ni mtoro, alisema nini? Niandikie maneno yake kama alivyoyatamka.

Mudathir


Tanga
24 Januari 1993

Ndugu yangu Mudathir,

Barua yako nimekaa nayo siku mbili. Nimekwisha kuandika majibu mawili nikayachana, kwa sababu yote yalikuwa ya uongo, na uongo ndio uliotufikisha hapa.

Baba hakusema kitu pale pa ngamia. Hakusikia habari ya ngamia. Sikumsomea.

Nilikaa mbele yake nimeishika ile barua ya Septemba. Ilikuwa siku ya nne tangu aache kula. Aliusikia mlio wa bahasha akanyoosha shingo, akasema, "Soma." Nilianza na shikamoo. Ulipoandika kwamba hakuna hoteli, nikasoma kwamba hoteli imekwisha. Sikupanga, ilitoka hivyo. Na ilipotoka sikuweza kuirudisha, ikabidi niendelee mpaka mwisho: kwamba umepata ruhusa ya miezi mitatu, kwamba utafika katikati ya Novemba, kwamba utaufunga mtambo mwenyewe. Aliniomba nirudie. Nilirudia, na mara ya pili nilisoma vizuri zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshaikariri. Jioni ile alikula wali na mchuzi wa papa, akaomba uongezwe.

Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba amesikiliza mpaka mwisho na hakukasirika, kila neno lilikuwa kweli. Nililipima kila neno ili liwe kweli.

Nilidhani nimempa kitu. Wiki iliyofuata, tarehe 12, daktari aliutazama mguu akasema ukatwe chini ya goti, na ukatwe wiki hiyo hiyo. Alisema ukikatwa sasa mzee ataishi. Baba alimsikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema, "Mwanangu anafika mwezi ujao. Sikatwi mguu yeye hayupo. Akifika tutakuja naye." Daktari alinitazama mimi. Alitegemea niseme neno.

Ningeweza kusema pale pale. Ningesema, Baba, Mudathir haji Novemba, Mudathir hana pasi. Angeumia, angenilaani pengine, lakini angekubali kukatwa, kwa sababu asingekuwa na wa kumngoja. Nilinyamaza. Nilijiambia nitamweleza kesho asubuhi, akiwa ametulia. Kesho yake alikuwa anahesabu siku kwa vidole, akiniuliza kama nimeshanunua misumari ya kushikia waya. Nikasema kesho tena. Hivyo hivyo siku thelathini na saba, Mudathir. Nafundisha hesabu, nimezihesabu.

Barua ya Juzer ilifika tarehe 18 Novemba. Wakati huo homa ilikuwa imempanda, mguu umekuwa mweusi mpaka juu ya kifundo, na majirani walikuwa wameanza kunilaumu waziwazi. Zubeiri alikuja na mkokoteni Ijumaa tukampeleka. Njiani Baba alizungumza na wewe. Alikuelekeza upande wa kushoto, upande wa kulia, akakwambia usikaze sana. Walijaribu kumwokoa kwa upasuaji Jumamosi asubuhi. Hakutoka hai.

Sasa unajua alichosema. Alisema unakuja. Hakukukasirikia, kwa sababu hakuwa na la kukukasirikia, alikufa akijua wewe ni fundi umeme uliye njiani. Wewe ulilala vizuri gerezani kwa uongo wangu, naye aliufuata uongo huo huo mpaka kaburini. Niliwadanganya wote wawili kwa barua moja.

Mtambo sijaufunga wala sijauuza. Njoo uuchukue ukitaka, au usije. Sitamweleza mtu yeyote kwamba uko Manzese.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nisiweze kulificha hili tena. Wiki iliyopita nilikwenda hospitali kuchukua karatasi za Baba kwa ajili ya cheti cha kifo. Daktari alikuwa ameandika kwa Kiingereza, nami Kiingereza nakijua. Ameandika kwamba mgonjwa aliletwa akiwa amechelewa mno, na chini yake, kwa mwandiko mzuri, akaandika sababu: familia ilikuwa ikimsubiri mtoto wa kiume. Aliniuliza kama ni sahihi kabla sijaweka sahihi yangu. Nilimwambia ni sahihi, nikaweka sahihi.

Dada yako,
Mboni